Mchanga Ndani ya Chumvi

Sadiya binti Hamdani wa Oli, hapa Arua, hamwamini mtu. Si roho mbaya, msimsingizie. Ni kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Miaka kumi na mmoja alikaa mlangoni mwa ghala la simsim, yaani ufuta, akiwa na bambo mkononi, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia kuchungulia kilichomo katikati. Wakulima wa Ajia na Dadamu walimheshimu, wachuuzi wa Vurra walimkwepa. Mtu anakuja na gunia limeshonwa vizuri, juu simsim safi, chini simsim safi, uso wote tabasamu, anauliza habari za mama na za watoto wa dada. Sadiya anaitikia vyote, alhamdulillahi, salama, huku anachoma bambo katikati, anageuza, anamimina kiganjani. Mchanga huo! Mchanga mwembamba wa mtoni, rangi moja na simsim yenyewe, usingeujua mpaka uutie jinoni. "Rudisha," anasema, na habari za mama zinaishia hapo hapo.

Wakambandika jina la Bambo. Alijifanya limemuudhi, kumbe moyoni alilipenda. Mama yake, Hajati Hawah, ambaye hushinda barazani akisuka kawa za rangi, alikuwa akimtania: "Mwanangu, siku ukiletewa mchumba utamchoma bambo kwanza."

"Na kwa nini nisimchome?" Sadiya alimjibu, na mama akacheka mpaka ukindu ukamponyoka.

Basi ghala lilipofungwa, mwenye ghala alipohamishia biashara yake kwingine, Sadiya alikaa nyumbani miezi minne. Ndipo akaja Siraji, mtoto wa jirani, aliyekuwa amekodi vyumba viwili juu ya duka la dawa, akaweka kompyuta tano, betri za sola na feni moja. Alimweleza kazi aliyokuwa nayo, na Sadiya akamkatalia usoni.

"Siraji, wewe ni mtoto wa watu. Usijiingize kwa matapeli."

"Matapeli gani, dada Sadiya?"

"Unaniambia huko Kanada mtu analipwa kuondoa maji yaliyoganda kwenye ua wa dukani. Halafu anamwaga chumvi chini. Chumvi! Chini! Hapa mtu akikukuta unamwaga chumvi mlangoni pa mwenzio asubuhi, utafika polisi bila viatu. Na wewe unasema ni biashara?"

Siraji alicheka, akafungua simu, akamwonyesha. Mjini Winipegi theluji inaanguka usiku kucha, inafunika magari mpaka kwenye vioo. Wenye maduka, zahanati na nyumba za kupangisha hawawezi kuisubiri iyeyuke, kwa sababu itakaa mpaka mwezi wa nne. Kwa hiyo wana mkataba na kampuni. Kabla hakujapambazuka, dereva anafika na pikapu yenye plau la chuma mbele, anasukuma theluji pembeni, anakwangua njia za miguu na ngazi, kisha anamwaga chumvi ya mawe ili barafu iliyobaki iyeyuke na watu wasiteleze. Mtu akiteleza akavunjika, mwenye jengo anashtakiwa. Mwenye jengo anataka ushahidi kutoka kwa kampuni, na kampuni inataka ushahidi kutoka kwa dereva. Ndiyo maana dereva anapiga picha sita kila mahali anapomaliza na kuzituma. Kule ni saa saba ya usiku, hakuna mzungu anayetaka kukesha akitazama picha za chumvi. Arua ni saa nne asubuhi, watu wameshakunywa chai.

"Kwa hiyo kazi yenyewe ni kutazama kama mtu anadanganya," Sadiya alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Walifunzwa siku tatu. Kanuni za kampuni zilikuwa kurasa arobaini; Siraji aliwasomea sita, zile za wakaguzi, akasema zilizobaki ni za madereva. Ukurasa wa saa, ukurasa wa pembe za kupiga picha, ukurasa wa chumvi: chumvi ionekane, itawanyike sawasawa, ifike mlangoni. Picha ikiwa sawa unabonyeza kijani, ikiwa na kasoro unabonyeza nyekundu na kuandika sababu. Dereva akipata nyekundu tatu ndani ya mwezi mmoja, anaondolewa barabarani.

Wiki ya pili tu, Sadiya aliwika. Dereva mmoja alikuwa ametuma picha ya ua wa duka la matairi, safi kabisa, umekwanguliwa. Sadiya akaitazama, akanuna. Kwenye ukingo wa theluji palikuwa na nyayo za mbwa, nne, zikielekea pipa jekundu. Alizikumbuka nyayo hizo. Akafukua picha za Jumanne iliyopita, akazikuta: mbwa yule yule, nyayo nne, pipa lile lile. Yule bwana alikuwa amelala kwake akatuma picha ya zamani! Kampuni ikaandika barua ya shukrani, Siraji akaichapisha akaibandika ukutani karibu na feni. Tangu hapo wenzake wakawa wanamwita kila wanapoona kitu kisichoeleweka. Mtu ambaye hajawahi kushika theluji, baridi yake kubwa ni soda ya kwenye friji, akawa ndiye bingwa wa theluji wa Arua nzima.

Ndipo mwezi wa kwanza likatokea jina kwenye kioo chake: J. Lukudu.

Sadiya alilisoma mara mbili. Lukudu! Huyo si mzungu, huyo ni mtu wa upande huu, wa Kajo Keji au Yei huko Sudan Kusini, wale waliokimbia vita wakapitia Koboko. Mwingine angefurahi. Sadiya alivuta kiti mbele. Anawajua watu wa upande huu, si amekaa nao mlangoni miaka kumi na mmoja? Mzungu akidanganya atadanganya kizungu, atatuma picha ya wiki iliyopita. Lakini mtu wa nyumbani, ee bwana, huyo ana mbinu za nyumbani.

Kwa hiyo picha za madereva wengine, akina Keith na Dylan, alizitazama kama kawaida, za Lukudu alizikuza. Alizikuza mpaka zikawa mabaka matupu. Na siku ya nne akaona.

Ilikuwa zahanati ya wazee, mahali penye ngazi tatu na mlango wa kioo. Ua ulikuwa umekwanguliwa vizuri, hapo hana neno. Lakini kwenye ngazi, badala ya punje nyeupe za chumvi, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia. Akakuza. Punje nyeupe zilikuwepo, chache, moja hapa moja pale. Zilizobaki zote zilikuwa mchanga.

"Mchanga!" Sadiya alipiga meza, kompyuta ikatikisika. "Jamani njooni muone. Mtu ametoka Sudan mpaka Kanada, amevuka bahari, na bado anachanganya mchanga!"

Wenzake wakaja wakatazama, wakacheka, wakapiga vigelegele. Kisa kilikuwa wazi kabisa machoni pake: huyu bwana anapewa chumvi ya kampuni, anaificha, anaiuza kwingine, halafu anajazia mchanga ili picha iwe na kitu. Ni gunia la simsim lile lile, limevaa koti la baridi tu. Akabonyeza nyekundu, akaandika: mchanga umechanganywa na chumvi.

Dereva ana haki ya kujibu. Lukudu alijibu maneno machache: baridi ni kali mno, chumvi haifanyi kazi, nimeweka mchanga wenye chumvi kidogo, ndio unaoshika kiatu.

"Chumvi haifanyi kazi," Sadiya alirudia kwa sauti, ofisi nzima isikie. "Tangu lini chumvi ikagoma?"

Kwenye pembe ya kila picha kulikuwa na maandishi madogo mawili, saa na kipimo cha baridi. Saa Sadiya aliiangalia kila mara, kwa kuwa saa ndiyo inayomnasa mwongo. Kipimo cha baridi hakukiangalia hata siku moja. Baridi itamdanganya nani?

Wiki iliyofuata, zahanati ile ile, mchanga ule ule. Nyekundu ya pili. Safari hii Lukudu hakujibu kwa maandishi.

Alikuja mkewe.

Sadiya aliitwa na mwenye duka la dawa: kuna mgeni wako chini. Akashuka. Alimkuta mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, kitenge kizuri, viatu vya vumbi la safari, na kidumu cha asali mkononi. Mwanamke alimwamkia kwa Kiarabu cha Juba. Hapo ujue, Kinubi cha akina Sadiya na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja. Wangeweza kukaa wakaongea mpaka jioni bila kukwama. Sadiya alielewa kila neno. Lakini akamjibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, apate nafasi ya kusimama mbali.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Mwanamke akahama lugha, akaja na Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi naitwa Rosina, dada. Natoka Koboko. Bwana yangu iko Kanada, jina yake Lukudu. Yeye aliona jina yako kwa simu ya kazi, Sadiya wa Arua. Akasema, Rosina, nenda ona huyu dada, mueleze pole pole. Huyu iko mutu wetu."

"Kueleza nini?"

"Hii mambo ya mchanga. Kule baridi ikifika fulani, chumvi inakaa tu kama jiwe. Yeye alinitumia video. Angalia kidogo, dada. Anamwaga chumvi, anakanyaga, anateleza. Anamwaga mchanga, anakanyaga, anasimama." Na akatoa simu.

Sadiya hakuipokea simu. Macho yake yalikuwa kwenye kidumu. Huku kwetu hakuna anayekwenda kwa mtu mkono mtupu, hilo hata mtoto analijua, na ukitoka Koboko na usilete asali utaulizwa kama kuna msiba. Lakini Sadiya alishapewa asali nyingi mlangoni pa ghala, na kuku, na samaki wakavu, na kila kilicholetwa kilikuwa na gunia nyuma yake.

"Na hiyo asali?"

"Hii iko yako, dada. Ya salamu."

"Salamu nimezipokea. Asali rudi nayo."

Rosina alikishusha kidumu, hakukiweka chini wala hakukipandisha tena. Akamsogelea. "Dada, sikiliza mimi. Tuko na karatasi ya kwenda Kanada. Mimi na mutoto. Siku ya kuulizwa maswali iko tarehe ishirini na sita, na wanataka barua ya kazi ya bwana yangu, kwamba anafanya kazi bila kukatika. Kama kazi inakufa, karatasi inakufa. Mutoto yangu iko na miaka sita. Baba yake alisafiri na mimba iko hapa," akajishika tumbo. "Anamuona kwa simu tu. Nakuomba. Angalia video, hata ukikataa, lakini angalia kwanza."

Niseme ukweli, kitu kilimgusa Sadiya pale. Aliona kwamba kiatu kimoja cha Rosina kilikuwa kimeshonwa kwa waya. Lakini bambo lilikuwa limeshaingia ndani yake mwenyewe siku nyingi, halitoki. Akajiambia: wenye mchanga ndio daima wenye watoto. Mwenye simsim safi hana haja ya kukueleza habari za mtoto.

"Video siku hizi hata maiti anacheza ngoma," alisema. "Mwambie bwana yako aweke chumvi. Hiyo tu. Nenda salama."

Akapanda ngazi. Alipochungulia dirishani, Rosina alikuwa bado amesimama, amekikumbatia kidumu, anamtazama mwenye duka la dawa kana kwamba yeye ndiye angemwambia afanye nini.

Kesho yake saa nne na robo picha za zahanati ziliingia. Mchanga. Na Sadiya, kwa sababu sasa alikuwa na hasira ya kuletewa rushwa, hakubonyeza nyekundu tu. Aliongeza agizo, kama mkaguzi anavyoruhusiwa: mahali hapa pawekwe chumvi tupu, mchanga hautakubaliwa. Nyekundu ya tatu, jina la Lukudu likageuka kijivu, na kufikia saa sita njia yake ilikuwa imeshapewa dereva mwingine.

Hajati Hawah alipoletewa kisa hicho jioni hakucheka kama kawaida yake. Alivuta ukindu, akauliza, "Hukuitazama hiyo video?"

"Ya nini, mama?"

"Mtu ametoka Koboko, mwanangu." Akaendelea kusuka.

Siku mbili baadaye zahanati ilikuja na jina la Keith. Picha ilikuwa ya kupendeza! Ngazi zinang'aa, na juu yake chumvi nyeupe pe, imetawanyika vizuri, mpaka mlangoni. Sadiya aliwaita wenzake tena. "Haya, hivi ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya kazi." Kijani.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini akamkuta Siraji amesimama, hajawasha feni. Alikuwa na karatasi mkononi, na uso wake haukuwa wa salamu.

"Zahanati," alisema. "Bibi wa miaka sabini na minne. Alifika mapema kwa dawa, akateleza ngazi ya pili. Nyonga imevunjika. Wanauliza kwa nini hapakuwa na mchanga."

"Palikuwa na chumvi," Sadiya alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Chumvi tupu."

"Ndiyo. Dereva anasema ameweka chumvi tupu kwa sababu kulikuwa na agizo. Agizo lina jina lako."

Sadiya alikaa. Aliomba zile kurasa arobaini. Siraji alimletea, na bado zilikuwa na vumbi la dirishani. Akafunua, akafunua, na ukurasa wa kumi na tisa akaukuta, jedwali dogo ambalo mtoto wa darasa la nne angelielewa: baridi ikizidi digrii kumi na nane chini ya sifuri, chumvi haiyeyushi kitu, mwaga mchanga uliochanganywa na chumvi kidogo ili usigandamane. Akafungua picha ya Keith, akaangalia ile pembe ambayo hakuwahi kuiangalia. Digrii ishirini na tisa chini ya sifuri. Akakuza ngazi. Chini ya zile punje nyeupe nzuri barafu ilikuwa ngumu na kavu kama kioo, haijaguswa. Chumvi ilikaa tu juu yake, kama jiwe. Rosina alikuwa amemwambia neno hilo hilo.

Sasa angeishia hapo ingekuwa kosa la mtu asiyejua theluji, na nani Arua anaijua? Lakini Sadiya ni Sadiya. Hata yeye mwenyewe hakujiamini. Akarudi nyuma kwenye picha za siku zote za baridi ile, za madereva wote, akaanza kuzikuza moja moja. Alikaa mpaka wenzake wakaenda kula wakarudi. Duka la matairi, Dylan: mchanga. Nyumba za kupangisha, Keith: mchanga. Shule, kanisa, duka la mikate, mchanga, mchanga, mchanga. Kila dereva alikuwa ameweka mchanga kwenye baridi ile, kama kanuni inavyotaka, na kila picha ilikuwa na kijani pembeni, kijani chake yeye Sadiya. Alizipitisha zote bila kuzikuza. Katika madereva kumi na wanane, alikuwa amemchoma bambo mmoja tu, na alimchoma kwa sababu jina lake lilikuwa Lukudu.

Alifunika uso kwa mtandio, akalia. Wenzake walidhani ni kwa ajili ya kazi.

"Dada Sadiya, usiwe hivyo," Siraji alimwambia kwa upole, akasogeza kiti. "Nimeshafikiria. Tutaandika kwamba mtandao ulikuwa mbaya siku ile, picha zilifika zimefifia, rangi haikuonekana. Hakuna atakayebisha. Arua mtandao ni mbaya, wao wenyewe wanajua."

"Na Lukudu?"

"Lukudu atapata kazi nyingine. Sisi tukipoteza mkataba tunarudi nyumbani wote watano. Hata mimi."

"Mke wake alikuja hapa, Siraji. Alisimama hapo chini na asali."

"Najua. Sote tulimwona. Lakini…"

"Nipishe hapo kwenye mashine," Sadiya alisema.

Aliandika mwenyewe, kwa Kiingereza chake kifupi cha ghalani, bila kumwonyesha mtu. Kwamba Lukudu alifanya kazi sawasawa mara zote tatu. Kwamba agizo la chumvi tupu lilikuwa lake yeye Sadiya, si la dereva, na bibi yule ameanguka kwa agizo hilo. Kwamba picha za wengine zenye mchanga ule ule alizipitisha, hizi hapa zote, hesabuni. Kwamba alimkagua mtu mmoja kuliko wengine kwa kuwa ametoka kwao, na mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Akabonyeza tuma kabla Siraji hajamaliza kusoma begani pake.

Walikaa siku nne bila jibu. Siku ya tano jibu likaja. Lukudu anarudishwa kwenye njia yake. Ofisi ya Arua inabaki, wakaguzi wote wasomeshwe kurasa arobaini. Sadiya aache kazi leo. Siraji aliitoa ile barua ya mbwa ukutani, akampa aende nayo, kwa kuwa hakujua ampe nini kingine.

Siku tatu zikapita. Sadiya angeweza kuendelea kukaa barazani kwa mama yake akajiona amelipa. Lakini tarehe ishirini na sita ilikuwa imeshapita juzi, na hakujua imepitaje. Alinunua asali ya Vurra, kidumu kizima, akapanda gari la Koboko.

Haikuwa kazi kumpata Rosina. Aliuza samaki wakavu na chai nyuma ya soko, na kila mtu aliijua nyumba ya mke wa Kanada. Alikuwa akipanga samaki kwenye bati. Binti wa miaka sita alikuwa kando yake, meno mawili ya mbele hana, anajifunika kichwa kwa sahani. Sadiya alisimama mbele yao akaamkia kwa Kinubi, pole pole, kila neno akilitia mahali pake.

Rosina aliinua kichwa. Alimtambua mara moja.

"Karibu," alimjibu kwa Kiswahili. "Nani mwenzangu?"

Sadiya alipokea kofi hilo, akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa. "Ni mimi, Sadiya. Nimekuja kukwambia kwamba bwana yako alisema kweli na mimi nilikosea. Si kwa bahati mbaya, Rosina. Nilikataa kutazama. Bibi mmoja amevunjika kwa sababu yangu. Nimewaandikia, bwana yako wamemrudisha."

"Najua wamemrudisha."

"Na karatasi?"

Rosina aligeuza samaki mmoja, akamrudisha alipokuwa. "Barua ya kazi imetoka na siku tisa ndani yake hakuna kazi. Tulienda tarehe ishirini na sita, wakasoma, wakasema imekatika. Turudi tuanze upya. Wanasema mwaka, labda mwaka na nusu."

Simu ikalia hapo hapo. Huku ilikuwa saa tisa alasiri, kule alfajiri, saa ambayo Lukudu humaliza zamu na kuongea na binti yake. Mtoto akaidaka, akaonyesha pengo la meno, akaeleza habari ya paka. Rosina akaichukua, akasema maneno mawili, akaigeuzia kwa Sadiya bila kumuuliza kama anataka.

Kwenye simu alikuwepo mwanaume mwenye kofia ya sufu na ndevu zenye barafu, ndani ya pikapu. Sadiya alikuwa ameona kazi yake yote, punje kwa punje. Uso wake alikuwa hajauona.

"Kaka Lukudu," alisema, "nisamehe."

Injini inanguruma. "Dada Sadiya wa Arua," Lukudu alisema. "Unajua, siku ile ya kwanza jina yako lilitokea, nilisimamisha gari. Nikamwambia Keith, leo nimepata mutu wa nyumbani wa kunitazama. Nilikwangua ile zahanati mara mbili." Akapangusa kioo kwa mkono. "Haya. Mpe mama yake mtoto simu."

Sadiya alimpa. Alikisogeza kidumu cha asali mbele, mpaka miguuni pa Rosina.

"Hii ni ya salamu," alisema.

Rosina alimaliza simu. Alikitazama kidumu muda mrefu, akafungua kifuniko, akanusa. Akachukua kijiti kirefu cha kupindulia samaki, akakifuta kwa kitambaa, akakizamisha mpaka chini kabisa, akakoroga, akakiinua kuona kama kuna kilichokaa kwenye kitako. Kisha akatoa kiberiti chini ya bati, kama wanavyofanya wote wanaoogopa kuuziwa asali yenye maji ya sukari, maana njiti iliyolowa maji haiwaki. Akachovya njiti kwenye asali, akaikwaruza.

Sadiya alikaa kitako, mikono mapajani, akangoja.

Njiti ikawaka safi. Rosina aliitazama mpaka moto ukamkaribia vidoleni, akaipuliza, akachovya nyingine.